Land Rover ya zamani: solenoidi ya ukutani, au stata yenye solenoidi mgongoni?

Mwana_Korogwe: Wakuu, habari za jioni. Land Rover ya marehemu baba imegoma. Nikizungusha ufunguo inalia "tak", basi. Fundi anasema solenoidi imekufa, yaani ile swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye stata (mota ya kuwashia injini). Dukani nimeonyeshwa mbili: ile ya kufunga kwenye ukuta wa injini, au stata nzima yenye solenoidi yake mgongoni. Kesho nalipa. Nichukue ipi?

Fundi_Waya: Mkuu, hujasema lolote. Petroli au dizeli? Mwaka gani? Ethi yake (upande wa betri uliofungwa kwenye chuma cha gari) ni hasi au chanya? Betri umeipima?

MzeeBonde: Kama ni petroli ya lita 2.25, stata yake ni ya bendeksi: mota ikizunguka, pinioni (gia yake ndogo) inajirusha yenyewe kwenye meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Solenoidi hapo ni swichi tu. Bolti kubwa moja inapokea waya mnene wa betri pamoja na zile nyaya za kahawia zinazolisha gari zima. Ya pili inakwenda stata. Waya mdogo mweupe wenye mstari mwekundu unatoka kwenye ufunguo. Baki na ya asili, kijana wangu. Tafuta yenye kitufe cha mpira: weka gia huru, bonyeza kwa dole gumba, stata inazunguka hata ufunguo ukifa.

BiMwana: Shikamoo mzee. Mimi nilihamia ya mgongoni na ilinitoa machozi. Fundi aliiacha solenoidi ya zamani ukutani, akaleta waya mnene mmoja hadi kwenye stata, kisha akaunga kipande cha waya kutoka bolti kubwa ya stata hadi kichwa kidogo cha solenoidi yake, kile cha kuiamsha. Nikiachia ufunguo, stata inaendelea kulia "wiiii". Kumbe mota ya sumaku ya kudumu ikizunguka inazalisha umeme wake, inaishikilia solenoidi. Baada ya miezi mitatu meno ya flaiwili yalikuwa yamelika. Kuifikia flaiwili lazima gearbox itoke, nayo inatolewa kwa juu: viti vya mbele na sakafu nzima vilikaa uani kwangu siku nne.

Fundi_Waya: Pole sana dada. Waya mnene ulitakiwa kutoka betri moja kwa moja hadi stata, na nyaya za kahawia zihamie nao, la sivyo hata taa huna. Kichwa kidogo kipewe relei (swichi ndogo ya umeme inayobeba mzigo badala ya ufunguo), maana solenoidi ile inavuta ampea nyingi na itaunguza swichi ya ufunguo.

Dizeli_Tupu: Dizeli zilitoka kiwandani na ya mgongoni, mbona zinadumu?

MzeeBonde: Marahaba binti. Dizeli ni habari nyingine. Na kama gari ina ethi chanya, stata ya sumaku itazunguka kinyume! Ya zamani yenye koili badala ya sumaku haijali.

Mwana_Korogwe: Ni petroli. Kadi iko kwa kaka, mwaka sijui. Betri inasoma volti 12.5. Nimelala chini na tochi: waya wa ethi kati ya gearbox na chasi umebaki nyuzi chache, nyingine zimekuwa unga wa kijani.

Fundi_Waya: Usilipe kesho! Badilisha huo kwanza. Kisha weka mita kati ya hasi ya betri na bodi ya stata, mtu azungushe ufunguo. Ikizidi nusu volti, ethi bado mbovu.

Dizeli_Tupu: Kwani hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono haipo?

MzeeBonde: Hendeli nayo ina adabu zake. Dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudisha, inavunja mkono.

BiMwana: Mwenye hendeli anauza? Yangu iliibwa.