Cheti cha uandishi wa kiufundi: kina faida kwa anayeanza?

Mwanafunzi_TEHAMA
Wakuu, salaam. Nina diploma ya TEHAMA, nataka kuingia kwenye uandishi wa kiufundi: miongozo ya watumiaji na nyaraka za API (njia ya programu moja kuwasiliana na nyingine). Matangazo mengi ya kazi za mtandaoni yanasema cheti ni sifa ya ziada. Nilipie cheti kwanza? Na kama ndiyo, kipi?

Fundi_Maandishi
Mkuu, angalia kwanza nani anakitoa. STC ya Marekani, chama cha waandishi wa kiufundi cha tangu 1953, kilikuwa na cheti cha CPTC cha ngazi tatu. Mwanzoni mwa 2025 chama kikafilisika, kikafungwa. Tekom, chama kama hicho cha Ujerumani, ipo na inatoa vyeti, ila hiyo inamfaa anayelenga viwanda vya mashine vya Ulaya. Huko sheria inataka mashine iuzwe na maelekezo ya matumizi kwa lugha ya nchi inakokwenda, kwa hiyo kazi ipo na cheti kinasomwa. Kwa API, usitumie hela yako kwenye cheti. Google wana kozi za bure za uandishi wa kiufundi, anzia hapo.

Karakana
Naongeza upande wa ndege. Miongozo ya matengenezo mara nyingi huandikwa kwa kiwango cha ASD-STE100: sentensi ya hatua isizidi maneno 20, ya maelezo isizidi 25, na neno lililoidhinishwa libaki na maana moja. Kiwango chenyewe unakiomba bure. Mwajiri wa sekta hiyo atakupa aya uisahihishe palepale, na karatasi haitakusaidia kama hujui kanuni.

Msimbo_Safi
Badala ya cheti, tengeneza sampuli. Andika ukurasa mmoja: jinsi ya kumtumia mteja ombi la malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, API ya Safaricom, kwenye mazingira ya majaribio. Kunakili majina ya sehemu za ombi kila mtu anaweza. Utakapoonekana ni kwenye makosa:

Nywila ya ombi ni namba ya biashara, passkey (ufunguo wa siri kutoka Safaricom) na muda vikiunganishwa kwa mpangilio huo, kisha vikasimbwa kwa Base64, njia ya kugeuza data kuwa herufi za kawaida. Muda una tarakimu 14, kuanzia mwaka hadi sekunde, na lazima uwe uleule unaoutuma kwenye ombi. Programu ikisoma saa mara mbili na sekunde ikabadilika katikati, nywila haitalingana. Kosa la namna hii linatokea mara moja moja tu, ndiyo maana linasumbua kulitafuta.

Simu iandikwe 2547…, si 07 wala +254. Tokeni, kibali cha muda kinachoambatana na ombi, inadumu saa moja.

Na hili liweke juu kabisa: jibu la kwanza lenye 0 maana yake ombi limepokelewa, si kwamba mteja amelipa. Matokeo yanakuja baadaye kwenye anwani yako ya kurejeshea majibu. Asiyelielewa atatoa mzigo kabla ya hela.

Ukimaliza, mpe ukurasa mtu anayejua programu lakini hajawahi kugusa Daraja. Usimwelekeze. Anapokwama ndipo pa kuandika upya.

Mwanafunzi_TEHAMA
Asante wakuu. Niandike Kiswahili au Kiingereza?

Msimbo_Safi
Kwa matangazo hayo, Kiingereza. Weka GitHub (tovuti ya kuhifadhi kazi na historia yake) kwa Markdown, maandishi yenye alama rahisi za mpangilio, na usifute historia ya masahihisho. Anayeajiri huifungua aone ulichokata.