Wauza kozi za Python, acheni kutupiga hela na somo la thredi!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimelipia kozi ya Python, lugha ya kuandikia programu, mtandaoni, na somo la thredi (vijikazi vinavyoendeshwa sambamba ndani ya programu moja) ni uongo mtupu. Jamaa anatamba kwamba kompyuta ikiwa na kori nane (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja), fungua thredi nane na kazi itaisha mara nane haraka. Nikaichukua skripti yangu ya kukokotoa takwimu, nikaigawa hivyo hivyo. Muda ule ule! Htop, programu ya kutazama kori zinavyotumika, inaonyesha kazi yote jumla haizidi kori moja, zile saba nyingine zipo kijiweni zinapiga soga.

Sababu ni GIL (Global Interpreter Lock), na kozi nzima haijaitaja hata kwa bahati mbaya. CPython, yaani hii Python tunayoishusha karibu sote, ina kufuli moja kuu, ndiyo hiyo GIL. Thredi iliyolishika ndiyo inayoendesha msimbo wa Python, wenzake wanangoja, na wanapokezana kila milisekunde 5 hivi. Kufuli lina maana yake: kila kitu humo kina hesabu ya wanaokitumia, na thredi mbili zikiichezea hesabu hiyo kwa pamoja, kumbukumbu inavurugika. Kwa hilo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na anayekula hela za watu huku analificha.

Mfano wake ulikuwa kupakua picha, na kweli uliruka kwa kasi. Lazima uruke! Thredi inayosubiri mtandao inaliachia kufuli, zingine zinaendelea. Kusubiri ni kitu kimoja, kupiga hesabu ni kingine, na mwalimu anayevichanganya hivyo viwili hajui au anajua na anauza tu.

Nikahamia multiprocessing mwenyewe, moduli ya Python inayogawa kazi kwa prosesi, yaani programu zinazojitegemea. Kila prosesi ina Python yake na GIL yake, kori zote zikawaka. Ila data inafungashwa kwa pickle, njia ya Python ya kugeuza data kuwa baiti za kusafirisha, kwenda na kurudi, kwa hiyo ukituma jedwali kubwa muda wote unaishia njiani. Lambda, ile funksheni isiyo na jina, inagoma kufungashwa. Na kwenye Windows usipoweka if __name__ == "__main__" unakula kosa la RuntimeError, kwa sababu kila prosesi mpya inalisoma faili lako upya. Haya nayo kozi imeyameza.

Na asije mtu hapa na "tumia asyncio". Hiyo ni moduli ya kupokezanisha kazi zinazosubiri ndani ya thredi moja, kwenye mahesabu haikusaidii kitu. Wa toleo la Python lisilo na GIL nawajua pia: lilianza kama jaribio kwenye Python 3.13 mwaka 2024, kwenye 3.14 likakubaliwa rasmi, lakini ni la kusakinisha kwa makusudi, na ukiingiza moduli iliyoandikwa kwa lugha ya C ambayo haijatangaza kulimudu toleo hilo, GIL inajirudisha yenyewe.

Nimedai hela yangu, nikajibiwa nipunguze data. Nipunguze data! Mwenye kozi inayoitaja GIL kabla ya kuchukua malipo aiweke hapa, na bei yake.