Ushauri: tumekosoa kauli ya mheshimiwa, sasa tunatakiwa kuomba radhi

Kalamu_ya_Mkoani: Wakuu, salaam. Mimi ni mhariri wa gazeti dogo la kila wiki huku mkoani. Mheshimiwa wetu mmoja aliulizwa mkutanoni zilipo fedha za maabara ya shule. Akajibu, "Hizo ni hela ndogo, msinipotezee muda." Tukaandika tahariri kwamba jibu hilo ni dharau kwa wazazi waliochangishwa. Hatukumwita mwizi. Sasa watu wake wanataka tuombe radhi ukurasa wa mbele, la sivyo matangazo ya zabuni tutayasikia kwa wenzetu. Nina wafanyakazi sita. Nifanyeje?

Mzee_wa_Dawati: Kijana wangu, umenikumbusha Aprili 2008. Andrew Chenge, Waziri wa Miundombinu wa Tanzania wakati ule, aliulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni 1 kwenye akaunti yake kisiwani Jersey, wachunguzi wa Uingereza wakifuatilia madai ya rushwa kwenye ununuzi wa rada yetu. Akaziita "vijisenti". Rushwa aliikana, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa hilo. Lakini neno lile mama ntilie alilielewa kuliko hesabu zote za rada. Mwezi haukuisha, akajiuzulu. Kauli ya kiongozi ni habari kamili. Usiiombee radhi.

BintiMakini: Sauti yake mliirekodi? Kama ipo, mpe nafasi ya kujibu, ukurasa ule ule, bila kumkata neno. Hiyo ni haki yake, radhi siyo.

Fundi_Hesabu: Mimi naona tahariri yenu ina pengo. Kwenye sakata la Escrow mwaka 2014, la mabilioni yaliyochotwa kwenye akaunti ya malipo ya umeme, Profesa Anna Tibaijuka, Waziri wa Ardhi wakati ule, alisema shilingi bilioni 1.6 alizopokea zilikuwa mchango wa shule. Wananchi waliweza kuyapima maelezo yake kwa sababu kiasi kilishaanikwa bungeni. Ninyi mmeandika "fedha za maabara". Ngapi? Nani alizipokea? Bila hayo mzazi anabaki na hasira tu.

Kalamu_ya_Mkoani: Asanteni sana. Sauti ninayo, jibu lote. Kiasi sikukiandika, hapo nilikosea. Kesho naanza na bodi ya shule, niombe kuona daftari la michango. Nafasi ya kujibu atapata. Radhi siandiki. Ila mishahara ya mwezi huu inaninyima usingizi. Aliyewahi kuendesha gazeti bila matangazo ya zabuni, naomba anieleze alilipaje watu wake.