Kadi ndogo za vitenge za kubadilishana: ukingo unajikunja, nakosea wapi?

Nyuzi_Ujiji
Wakuu habarini. Naandaa kadi za kubadilishana na wenzetu wa Tabora, saizi ile ya inchi 2½ kwa 3½. Juu kitenge, katikati kitambaa cha kola chenye gundi, nyuma marekani, kile kitambaa cha pamba kisicho na rangi. Nikishadarizi na kuzungusha zigizaga, ukingo unajikunja na pembe zinainuka. Nyingine zinazidi saizi, haziingii kwenye vifuko vya plastiki.

Fundi_Isevya
Inaonekana unakata kwanza, ndipo unadarizi. Geuza mpangilio. Darizi huvuta kitambaa, kadi iliyokwisha kukatwa lazima ipinde.

Anza na kipande cha inchi 3 kwa 4. Gandisha kitenge kwenye kola, darizi, piga pasi kwa nyuma, kisha tia shanga, zikae sentimita moja ndani ya ukingo wa kadi utakayoikata, ili mguu wa cherehani upite. Marekani inakuja baada ya hapo, ifunike mafundo. Sasa ndipo ukate, milimita 62 kwa 87. Kadi kamili ni 64 kwa 89. Uzi wa ukingo unaongeza kama milimita moja kila upande.

Zigizaga zungusha mara mbili. Kwanza upana wa mshono 3, urefu 2. Halafu upana 4, urefu 0.5. Ukianza na mishono iliyobanana, uzi unasukuma kitambaa na ukingo unaota mawimbi. Sindano ikienda kulia idondoke nje kidogo ya kadi. Legeza uzi wa juu kidogo, na kwenye pembe acha sindano imezama ndipo ugeuze.

Mama_Pindo
Nyongeza: kitenge kipya kina wanga, gundi haishiki vizuri. Fua kwanza. Na chomoa uzi mmoja uuchome: wa pamba unabaki jivu na harufu ya karatasi, wa poliesta unayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Kitenge cha poliesta pasi ya mkaa itakiharibu. Pasi usiiburuze; ikandamize sekunde 10 hadi 15, uache kipoe kikiwa kimelala. Ukikiinua cha moto, kinapinda hivyo hivyo.

Ukitaka maneno ya kanga, chukua neno moja fupi. Jina zima halienei, ukilikata katikati unaweza kutuma tusi bila kujua 😄

Nyuzi_Ujiji
Ahsanteni sana. Mwenzangu ana cherehani ya kanyagio, inashona mshono wa moja kwa moja tu. Apeleke ovaloki sokoni?

Fundi_Isevya
Asipeleke. Ovaloki haigeuki kwenye pembe ndogo hivyo, atarudishiwa kadi za mviringo. Azungushie kwa mkono mshono wa blanketi, uzi wa kudarizi nyuzi mbili, nafasi milimita 3, kwenye kila pembe apige mara tatu tundu lile lile. Unachelewa, ila unapendeza kuliko zigizaga.

Mama_Pindo
Nyuma andikeni jina, mji, tarehe, jina la kadi na namba, mfano 2/5, kwa maka isiyofutika, kabla marekani haijashonwa. Peni ya kawaida inasambaa. Mkiwa watu sita, kila mmoja anatengeneza tano. Kadi hizi haziuzwi, unatoa moja unapokea moja. Ndivyo ilivyo tangu M. Vänçi Stirnemann alipoanzisha mtindo huu Zurich, Uswisi, miaka ya 1990. Zenye shanga zibane kati ya vipande viwili vya boksi, la sivyo zinatoboa bahasha njiani.