"Ukinunua dai risiti," wanatuambia watu wa kodi. Haya, nimedai. Mwalimu wa shule binafsi aipeleke wapi?

Wakuu heshima kwenu.

Niko Arusha, nafundisha Jiografia sekondari ya mtu binafsi. Nimekuja na hasira, mtanivumilia.

Nina bahasha ya risiti za EFD (zile za mashine ya kodi) za mwaka mzima: manila, maka peni, rimu za karatasi, kopi za mitihani ya majaribio. Bando la kutafutia ramani na video sijaliweka humo. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unataka mwanafunzi ashike, atende, ajaribu mwenyewe. Mthibiti ubora akiingia darasani anauliza zana ziko wapi, haulizi nani kazilipia. Mwenye shule anatoa chaki na vitabu vya kiada, habari imeishia hapo.

Nikabeba bahasha yangu hadi ofisi ya kodi. Dada wa dirishani alinisikiliza vizuri tu, sina neno naye. Jibu lake ndilo lililonitoa jasho. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu mtu kutoa gharama zake kwenye mapato ya biashara na ya uwekezaji. Ajira haimo. Mwajiriwa kama mimi anachopunguziwa kabla ya kupigiwa kodi ni mchango wa hifadhi ya jamii. Hizo risiti katunze.

Yaani manila ileile, mwenye shule akiinunua ni gharama ya biashara na inampunguzia kodi. Nikiinunua mimi, nikaibandika kwenye ukuta wake, wakaisoma wanafunzi wanaomlipa yeye ada, inahesabika kama nimejinunulia soda.

Tuweke namba mezani. Chukua mwalimu wa 800,000 kwa mwezi (wengi huku hawafiki, najua). Mchango wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10, zimeondoka 80,000. Inabaki 720,000 ya kukatwa kodi: 270,000 ya kwanza haiguswi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, na 200,000 inayobaki ni asilimia 20. Jumla 60,000. Kama alisoma chuo kwa mkopo wa bodi ya mikopo, asilimia 15 ya mshahara, 120,000 nyingine, na hiyo haimpunguzii kodi hata senti. Amebaki na 540,000. Humo kuna kodi ya nyumba, vifodi (daladala zetu ndogo) vya kila siku, na manila za watoto wa watu.

Sasa sikilizeni hii ya posho, maana ndiyo iliyonileta. Tulipolalamika sana, uongozi ukatupa "posho ya vifaa", 30,000 kwa mwezi. Watu tukapiga makofi. Slipu ya mshahara ikatoka, posho imejumlishwa kwenye mshahara na imekatwa kodi! Kwa sisi tuliofika kwenye kundi la asilimia 20, kila elfu kumi inaacha elfu mbili mlangoni. Na sheria hiyohiyo inasema hela anayorudishiwa mfanyakazi kwa gharama aliyoitumia kwa ajili ya kazi yake pekee haihesabiwi kuwa mapato yake. Shule ingepokea risiti zangu ikanirudishia kiasi kilekile nilichotumia, kodi isingekuwepo. Mhasibu hataki. Anasema kushika risiti za walimu wote ni kumuongezea kazi, bora kila mtu apewe sawa. Sawa gani? Mwalimu wa Kemia ananunua malimao na magadi kwa hela yake, kuna mwingine hajawahi kununua hata kalamu, wote 30,000 na wote wanakatwa.

Wenzetu wa serikali, posho ya nyumba, ya usafiri, ya madaraka, ya mazingira magumu, sheria imeziweka nje ya kodi. Sisemi wanazipata zote, wana vilio vyao na wana haki. Ninachouliza ni kwa nini posho ya usafiri ya mwalimu wa binafsi ikatwe, na tunapanda vifodi vilevile vya Ngaramtoni, nauli ileile.

Marekani, kwa mwaka wa kodi wa 2025, mwalimu wa shule aliruhusiwa kuondoa hadi dola 300 kwenye mapato yake kwa vifaa vya darasa alivyonunua mwenyewe. Si hela ya kumtajirisha mtu, ila imeandikwa kwenye sheria yao kwamba mwalimu ananunua vitu. Kwetu haijaandikwa.

Wa kuniambia "acha kazi ufungue tuisheni" pita hivi, ushauri huo ninao nyumbani.

Ninachotaka: kama kuna mwalimu wa shule binafsi, Arusha, Moshi au popote, ambaye shule yake inarudisha hela kwa risiti badala ya posho, aeleze hapa wanafanyaje. Mnajaza fomu gani, nani anasaini kabla hujanunua, risiti iandikwe jina la shule au lako? Na wahasibu mliomo humu, mniambie nimwandikie nini huyu wa kwetu asinirudishe tena na hadithi ya kuongezewa kazi. Kikao cha wafanyakazi ni Ijumaa.