Macho kuwasha na kutoa machozi tangu hita ziwashwe

Kutoka: Mama Baraka, Brooklyn Park

Hamjambo wana-Minnesota. Tangu tuwashe hita, macho ya Baba Baraka hayana amani. Akiamka yanakwaruza kana kwamba yana mchanga, na akisimama kituoni kusubiri basi, upepo ukimpiga tu machozi yanatiririka. Alinunua matone ya kuondoa wekundu. Jicho linakuwa jeupe saa chache, kisha linarudi jekundu kuliko mwanzo. Anafanya zamu ya usiku ghalani, usiku kucha anatazama kompyuta. Mimi nasema ni ukavu, yeye anabisha kwamba jicho linalotoa machozi haliwezi kuwa kavu. Twende kwa nani, na bima ipi inalipa?

Kutoka: Zuhura, St. Paul

Dada, mpe shemeji pole. Nafanya kazi kliniki ya macho, na malalamiko haya tunayapokea kila msimu wa baridi. Nakubaliana nawe. Hewa ya baridi hubeba unyevu kidogo sana, na hita ikishaipasha moto ndani ya nyumba inafyonza maji popote inapoyakuta, hata machoni. Machozi mazuri yana utando wa mafuta unaotoka kwenye tezi za kope, na huo ndio unaoyazuia yasikauke upesi. Jicho likikauka huwashwa, nalo hujitetea kwa kumwaga machozi mengi ya ghafla. Hayo ni majimaji tu, hayakai, yanamwagika mashavuni. Kwa hiyo jicho linaweza kutiririka na bado likawa kavu.

Matone ya wekundu ayaache. Yanabana mishipa ya damu, na nguvu ya dawa ikiisha mishipa inatanuka tena. Anunue machozi ya bandia, na kama anayatumia zaidi ya mara nne kwa siku, achague yale yasiyo na kemikali ya kuhifadhi, yanayouzwa kwenye vichupa vya kutumia mara moja. Ncha ya chupa isiguse jicho, na asiazimane na mtu. Mwaka 2023 baadhi ya matone yaliondolewa madukani hapa Marekani kwa sababu ya bakteria, na kuna waliopofuka.

Jioni aweke kitambaa chenye uvuguvugu juu ya macho aliyoyafumba, dakika tano hadi kumi, mafuta ya kope yalainike. Ndani ya gari, hewa ya moto ielekezwe miguuni. Akiwa kwenye kompyuta akumbuke kupepesa macho, maana anayekodolea kioo hupepesa mara chache sana. Unyevu wa nyumba uwe kati ya asilimia 30 na 50. Ukinunua kifaa cha kuongeza unyevu, kioshe mara kwa mara, la sivyo kitasambaza kuvu. Na nawaomba sana, msitie jichoni maziwa ya mama anayenyonyesha wala maji ya majani yoyote, hata kama bibi ndiye aliyeagiza kwa simu.

Kuhusu bima: ile ya macho kwa kawaida hulipia kipimo cha miwani. Ukavu, wekundu na maumivu huenda kwenye bima ya afya. Semeni hivyo mapema, mnapopiga simu kuomba miadi. Mpimaji wa miwani wa kawaida, yaani optometrista, anatosha kuanza naye. Lakini akipata maumivu makali, mwanga ukimuumiza, au uwezo wa kuona ukipungua, aende siku hiyo hiyo. Na anayevaa lenzi za kuwekwa juu ya jicho badala ya miwani (contact lens), jicho likiwa jekundu azitoe kwanza.

Kutoka: Baba Salim, Rochester

Niongeze la watoto. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua ya urujuanimno (UV), kwa hiyo mtoto anayeteleza mchana kutwa anapigwa kutoka juu na kutoka chini. Macho yanaweza kuungua, maumivu yakaja usiku. Mnunulieni miwani iliyoandikwa UV400, yaani inayozuia miale hiyo. Weusi wa kioo peke yake si kinga: mboni inapanuka gizani na kuingiza miale zaidi.

Kutoka: Mzee Omari, Minneapolis

Wanangu, mkishafika huko kwa ajili ya ukavu, ombeni pia kipimo cha glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho. Sisi watu weusi inatupata zaidi na mapema zaidi. Haiumi, inaanza kula pembeni mwa uwezo wa kuona, na kilichopotea hakirudi. Wenye Medicare, ile bima ya serikali ya wazee na baadhi ya wenye ulemavu, mtu mweusi wa miaka 50 na zaidi ana haki ya kipimo hicho kila baada ya miezi 12. Kama kuna mzazi, kaka au dada aliyepata, mwambieni daktari.

Kutoka: Zuhura, St. Paul

Ahsante Mzee. Dada, wakimtia shemeji dawa ya kupanua mboni, ataona ukungu kwa saa kadhaa na mng'ao wa theluji utamsumbua. Aende na miwani ya jua, na wewe uendeshe gari kurudi.