Tupeane uzoefu: waliowahi kupanda vilele vya jangwani, ilikuwaje?

Vumbi Jekundu
Wakuu, jana nimetoa viatu vya mlimani kabatini, mchanga ukamwagika sakafuni, bado mwekundu. Yote yakanirudia. Nazungumzia zile njia ndefu zisizo na mti, kisima wala mtandao wa simu. Mimi nilibeba lita 3 nikadhani nimezidisha. Saa nne asubuhi sikuwa na tone, na kilele nilikuwa nakiona tu.

Kipanga
Lita 3 ni za kwendea tu. Mimi siendi bila 6, na nikifika nusu ya maji nageuka hata kama kilele kiko puani.

Mama Wawili
Kweli kabisa.

Mbeba Tochi
Acheni nitoe langu, maana miaka inapita na bado naota. Tulianza kupanda saa mbili asubuhi, kosa la kwanza. Kule jasho hulioni, linakauka kabla halijatiririka. Unajikuta tu shati limechora mistari myeupe ya chumvi. Rafiki yangu akaanza kulalamika kichwa, kisha kichefuchefu. Nikamwambia kunywa maji. Akanywa. Akatapika. Nikampa tena. Tangu alfajiri hakuwa ametia kitu mdomoni, na kila baada ya muda mfupi alikuwa anasimama kukojoa, mkojo mweupe kama maji yenyewe. Ningeshtuka hapo. Vidole vilimvimba hadi pete ikazama kwenye nyama. Halafu akaniita kwa jina la dada yake.

Mpandaji mmoja aliyekuwa anashuka ndiye aliyekuwa na kifaa cha kuomba msaada kwa satelaiti. Hospitali wakasema chumvi ya damu imeshuka sana. Jamani, mwenzangu hakuwa na kiu. Mimi ndiye niliyekuwa namjaza maji, kwa mikono yangu hii.

Vumbi Jekundu
Mungu wangu. Sikuwahi kulijua hilo.

Kipanga
Pole sana mkuu. Ila tusitishe watu wakaanza kujinyima maji. Joto na upungufu wa maji ndivyo vinavyoua.

Mbeba Tochi
Nani kasema wajinyime? Nimesema wale. Karanga zenye chumvi, maji ya chumvi na sukari, chochote. Unakunywa kwa kufuata kiu, na unakula njiani.

Kipanga
Kiu jangwani inachelewa, mkuu. Hapo hatutakubaliana.

Jiwe la Tatu
Ninyi mnabishana maji, mimi yalinifuata yenyewe. Tulipumzika ndani ya korongo kavu kwa sababu ya kivuli, juu anga jeupe. Mvua ilinyesha milimani mbali, hatukuisikia hata ngurumo. Kwanza ukaja upepo wenye harufu ya tope, ndipo mngurumo. Tulipanda ukingo kwa kucha. Mabegi yalienda.

Mama Wawili
Pandeni usiku basi. Saa nane usiku mnaondoka, mnashuka kabla jua halijawa kali.

Jiwe la Tatu
Usiku huyaoni marundo ya mawe yanayoonyesha njia, dada. Na baridi yake je? Mchana unaungua, usiku unatetemeka. Mimi nasema saa kumi alfajiri, na saa tano uwe umeshageuka, umefika usifike.

Kipanga
Mimi huficha chupa mbili njiani wakati wa kupanda, za kushukia.

Jiwe la Tatu
Ukipotea njia ya kurudi, chupa hizo atakunywa nani?

Vumbi Jekundu
Mbeba Tochi, rafiki yako alipanda tena?

Mbeba Tochi
Mwaka uliofuata, tukiwa pamoja. Mfukoni karanga, shingoni filimbi. Pete aliiacha nyumbani.

Mama Wawili
Jamani, mimi pia vidole huvimba kila nikitembea mbali! Ni hatari?

Mbeba Tochi
Vidole peke yake hapana dada, wengi huvimba mikono wakitembea muda mrefu. Ukiona na kichwa, kutapika, maneno kuchanganyika, hapo acha kumpa maji matupu na utafute msaada haraka.